Kiu isiyokatika: Je, sukari imezidi mwilini?

JE, msomaji, wewe hunywa maji usiku kucha na bado koo linakauka? Huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo? Usiharakishe kulaumu baridi ya Eldoret. Huenda sukari imezidi katika damu yako.

Wengi huuita kisukari ugonjwa wa matajiri, wa mitaa kama Elgon View. Hilo si kweli. Mwenye nyumba aendaye kila mahali kwa gari na bawabu anayelinda lango lake, wote wanaweza kuupata.

Ugali, wali na chapati tunavyokula hugeuka sukari inayosafirishwa na damu. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, huiwezesha sukari hiyo kuingia katika chembechembe za mwili. Insulini ikipungua au isipofanya kazi vyema, sukari hubaki katika damu. Inapozidi milimoli 10 hivi kwa lita, figo huanza kuitoa kwa mkojo, nayo huvuta maji mengi ya mwili. Ndiyo sababu ya kiu. Anayekata kiu hiyo kwa soda au chai yenye sukari anauongezea moto kuni.

Dalili nyingine ni uchovu, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, vidonda visivyopona, ganzi miguuni na muwasho sehemu za siri. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, apimwe upesi, kwa kuwa hali yake inaweza kuharibika kwa siku chache tu.

Mgonjwa akitapika, akihema kwa kasi na kwa kina, pumzi ikinuka kama matunda au akilemewa na usingizi, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali yenye huduma za dharura, kama vile Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Kipimo ni tone la damu tu. Kwa aliyekaa saa 8 au zaidi bila kula, milimoli 7 kwa lita au zaidi ni ishara ya kisukari, na daktari huenda akarudia kipimo ili kuthibitisha.

Kumbuka kwamba wengine hawaoni dalili yoyote. Ikiwa una uzito wa kupita kiasi, umetimiza miaka 45 au mzazi wako ana kisukari, nenda ukapimwe hata kama unajihisi mzima.