Mguu si pine: namna ya kupanga pine ndani ya bwato dogo



Wengi mumeniuliza: lisansie wa ekonomi anatafuta nini ndani ya bwato? Jibu ni fupi. Nilimaliza chuo, nikangoja kazi miaka miwili, kazi haikuja. Mjomba wangu eko na balenieri moja ya mbao kwenye Lualaba, pale Kasongo-Rive, nikaenda kumsaidia kuandika mizigo. Leo nataka kuwaeleza jambo moja nililojifunza humo. Linaonekana dogo kabisa: mahali pa kuweka pine. Kabla sijalijua, kijana mmoja alivunjika mguu.

Kwanza, pine ni za nini?

Ndugu wa Kabambare wanaovuka Luama kwa mtumbwi watashangaa. Mtumbwi wa gogo unafika kwenye matope na majani, unateleza, basi. Hauhitaji kitu. Lakini kwenye Lualaba mabwato yanafungwa ubavu kwa ubavu, na siku ingine unafunga bwato la mbao kwenye chuma cha bak. Mbao na chuma vikigongana, mbao njo inalia. Ubao mmoja ukipasuka, kesho munatoa maji na kopo njia yote.

Pine ya zamani ikining'inizwa katikati, inakunjika na kumeza mgongano polepole. Waliosoma fizikia wanajua hesabu yake: bwato likisimama ndani ya sentimita 10 badala ya sentimita 2, nguvu ya mgongano inapungua mara 5. Wenzetu wa pwani wana neno la kitu hiki, dafrao. Sisi tunasema pine tu.

Siku ya mguu

Tulikuwa na pine 6 za gari. Wakati wa safari zililala chini, katikati ya bwato, juu ya mizigo ao kati ya miguu ya watu. Kila mtu alizoea hivyo. Mama mmoja anakalia moja, mwingine anaweka kuku ndani ya ingine.

Jioni moja ya mvua tulikuwa tunakaribia bwato la chuma lililofungwa kwenye kivuko. Mkondo ulitusukuma mbio kuliko tulivyodhani. Mjomba akapiga kelele: "Pine! Pine!" Mimi nilikuwa nyuma karibu na mota, kijana wetu wa kamba alikuwa mbele. Pine ya karibu ilikuwa chini ya gunia la mchele. Ya pili, mzee mmoja aliikalia. Ya tatu, kijana aliiona, akakimbia, akakanyaga ndani ya ile ya nne, akayumba. Mimi nikamwambia: "Sukuma na mguu!" Akasukuma na mguu.

Bwato letu na mizigo yake lilikuwa na zaidi ya tani 3. Kifundo cha mguu kikavunjika. Tukampeleka hospitali kwa moto, usiku, mvua ikinyesha. Miezi minne hakuweza kurudi kazini. Sentensi ile niliisema mimi, na bado ninaisikia. Pine zilikuwemo 6, hakuna hata moja iliyokuwa mahali pake.

Mahali tulipojaribu

Baada ya hapo nilichukua mita na daftari. Tulijaribu namna nne.

Namna ya kwanza, kuziacha zikining'inia nje safari yote. Zinakokota maji, bwato linachoka, esansi inaisha mbio. Tena zinakamata majani na kamba za wengine. Mukiziacha nje hata wakati wa kulala kivukoni, toboeni matundu mawili chini ya kila pine ili maji yasikae ndani, sababu maji yaliyosimama ndani ya pine ni nyumba ya mbu.

Namna ya pili, kuzirundika mbele kabisa, kwenye ncha. Mbele njo mahali pa mtu anayeruka na kamba. Ukimjazia pine pale, umemfunga miguu.

Namna ya tatu, kuzipandisha juu ya paa la bashi. Hapo chini panakuwa wazi, watu wanafurahi. Lakini uzito wa juu unafanya bwato liyumbe, na upepo wa mvua ukija ni hatari. Tulifanya safari moja tu, tukazishusha.

Namna ya nne njo tunayoitumia mpaka leo. Tuliacha pine za gari, tukachukua pine za moto. Kasongo yetu haikosi pine za moto zilizokwisha! Upana wake ni kama sentimita 10, nusu ya ile ya gari. Tukafunga mbili mbili ili ziwe nene za kutosha, lakini kwa kamba legevu, ili zikiwa ndani zilale sambamba kama sahani ukutani. Kila jozi inaning'inia ndani ya ubavu, kati ya mbavu za mbao, sawasawa na mahali itakapotumika. Kamba yake haifunguliwi kamwe. Imefungwa kwenye ukingo, urefu wake umepimwa. Ukifika unainua jozi, unaitupa nje, imekaa kwenye kimo chake. Hakuna kutafuta, hakuna kufunga fundo na mikono iliyolowa.

Tuliongeza kitu kingine. Kati ya jozi tunaweka bido tupu za litre 20, zilizofungwa kizibo vizuri na kutiwa ndani ya saki lenye kamba. Bido inalinda ubavu kwa mgongano mdogo. Zaidi ya hiyo inaelea. Pine inazama, lakini bido tupu ya litre 20 inaweza kubeba karibu kilo 20 ndani ya maji, na mtu hahitaji hata nusu ya hizo ili kichwa kibaki juu. Haichukui nafasi ya jile ya kuokoa maisha, musinielewe vibaya. Jile ni jile. Lakini kitu kinachofanya kazi mbili kinastahili nafasi yake ndani ya bwato.

Nafasi si uwezo

Hapa sasa njo penye mambo. Pine moja ya gari ikilala chini inachukua sentimita 60 kwa 60. Pine 6 ni zaidi kidogo ya mita za mraba 2. Mahali pote pa watu na mizigo ndani ya bwato letu ni mita za mraba 12. Maana yake tulikuwa tumepoteza sehemu moja ya sita. Nikamwonyesha mjomba daftari, nikingoja anisifu.

Mjomba akaangalia mahali palipo wazi, akahesabu kwa vidole. "Lisansie wangu, umenipatia viti sita. Abiria sita kila safari. Mungu akubariki."

Nikashituka. "Hapana mjomba, si hivyo."

"Si hivyo namna gani? Si wewe umesema nafasi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mota iko na deni, na abiria 6 kila safari si pesa ya kuchezea. Basi nikarudi kwenye hesabu, nikamfanyia mbele ya macho yake. Pine 6 za gari hazifiki kilo 50 zote pamoja. Watu 6 na mizigo yao ni kilo 500. Bwato letu lina urefu wa mita 11 na upana wa mita 2, lakini ncha zake ni nyembamba, kwa hiyo linalalia maji kama mita za mraba 15. Kwa sheria ya Archimedes, kila kilo 150 zinalizamisha sentimita 1. Tukitoa pine na kuweka watu, tunashuka sentimita 3.

"Sentimita tatu!" mjomba akacheka. "Ni vidole viwili."

Ni kweli, ni vidole viwili. Lakini siku ya mizigo mingi nilipima toka maji mpaka ukingo, nikapata sentimita 24. Na wote tunajua kinachotokea bwato likifika: watu wanasimama wote mara moja, wanakwenda upande wa kushukia. Upande ule unainama. Ni dakika ileile kijana wa kamba anatafuta njia, pine zinatupwa, mota inazimwa. Mabwato mengi ya kwetu hayazami kwa sababu ya mawimbi makubwa. Yanazama kwa uzito, na kwa watu kuhamia upande mmoja.

Kwa hiyo nafasi tuliyoiokoa haikuwa kiti. Ilikuwa njia: njia ya kijana kutoka nyuma mpaka mbele bila kuruka mtu, na mahali pa yule anayetoa maji. Pine chini zilikuwa zimekula ile njia. Tukiweka watu sita pale, tumerudi palepale, na tumeshuka vidole viwili tena.

Nilimweleza mjomba habari ya Mwingereza mmoja, Samuel Plimsoll, aliyepigania mabaharia mpaka mwaka 1876 sheria ya nchi yake ikalazimisha meli zichorwe alama ya mwisho wa mzigo. Ni mwaka uleule Stanley alipotoka Nyangwe yetu kushuka mto, akisindikizwa na Tippu Tip. Mjomba akanyamaza, kisha akasema: "Lete rangi."

Tulichora mstari mwekundu pande zote mbili, sentimita 25 chini ya ukingo. Mstari ukiingia majini, mzigo unashuka. Siwadanganyi, mpaka leo tunabishana. Wakati wa kiangazi maji yakitulia, mjomba anapandisha abiria 2 wa ziada, tena mstari uwe bado unaonekana. Wakati wa mvua, hakuna hata mmoja. Kijana wetu amerudi, anachechemea kidogo, na yeye njo anayechunga mstari. Kwa neno hilo hata mjomba hamshindi.

Ndugu zangu, tulisoma Archimedes darasani, tukapata pointi, tukasahau. Siku utakapopanda bwato, kabla ya kukaa, angalia vitu vitatu: pine ziko wapi, njia ya katikati iko wazi ao hapana, na toka maji mpaka ukingo ni vidole vingapi. Na bwato likifika, kaa kwanza. Waache wenye kamba wapite.