Akili Haipimwi kwa Swali Moja

Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Mtoto huyu hana akili," kwa kuwa ameulizwa swali asilijibu. Neno hilo ni zito, maana mtoto alisikiaye kila siku mwisho hulisadiki. Nasi tuliofundisha miaka mingi twakiri kwamba tumelinena. Basi na tutazame habari mbili.

Mwaka wa 1931 na 1932 mtaalamu wa Urusi, Alexander Luria, aliwaendea wakulima wa Uzbekistan. Aliwaambia ya kuwa kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. Na Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wasiojua kusoma walikataa kujibu, wakisema hawajafika huko, na aulizwe aliyefika. Bali waliopata kusoma kidogo walijibu kwamba ni weupe.

Je, wale wa kwanza walikosa akili? Hasha! Kutonena usiloliona ni desturi ya shahidi mwaminifu. Ila hawakuzoea kushika maneno matupu na kuyafuata hata mwisho wake. Na hayo hufunzwa shuleni.

Tena, katika miaka ya 1960, wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Joseph Glick, walikuwa kwa Wakpelle wa Liberia. Waliwapa vitu vya kupanga mafungu. Mkulima akaweka kisu pamoja na chungwa, maana kisu hukata chungwa. Akasema ndivyo afanyavyo mwenye hekima. Alipoulizwa mpumbavu angefanyaje, mara akatenga vyakula huku na vyombo kule, sawasawa na walivyotaka wale wataalamu! Kumbe uwezo alikuwa nao. Hakuona faida yake tu.

Hatusemi kwamba watu wote ni sawa. Hata ndugu wa tumbo moja, mmoja hufumbua kitendawili upesi, na mwingine polepole. Lakini aliyechelewa leo huenda hakulielewa swali, wala si kwamba hawezi kufikiri.

Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujamhukumu mtoto, mwulize tena kwa vitu vya kwao: mbuzi, mahindi, njia ya kisimani. Akiisha kujibu, mwongoze hatua kwa hatua hata kwa yale asiyoyaona. Nawe mzazi, tega vitendawili jioni, kisha mwulize mtoto, "Umejuaje?" Na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho.