Hadithi Kwanza, Kompyuta Itafuata

Katika shule nyingi, somo la kompyuta huanza kwa majina ya vifaa. Mwalimu huchora ubaoni skrini, kibodi na kipanya, wanafunzi hunakili, na mtihani huja kuuliza kazi ya kila kimoja. Mtoto anaweza kupata alama zote na asiwe amewahi kuiamuru mashine ifanye jambo lolote. Ilhali kuijua kompyuta ni kujua kuiamuru: kupanga hatua, kuzijaribu, kuona zilikokwama, kisha kuzirekebisha. Kazi hiyo inachosha, na mtoto wa miaka kumi haivumilii bila sababu. Sababu anayoielewa upesi kuliko zote ni hadithi anayotaka kuona inaishaje.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kulikuwa na programu iliyoitwa Alice, ambayo mwanafunzi huitumia kuwaamuru wahusika wanaotembea ndani ya skrini. Mtafiti Caitlin Kelleher aliitengenezea toleo jingine, Storytelling Alice, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya kuyalinganisha matoleo hayo mawili kwa wasichana 88. Katika toleo la kawaida amri zilikuwa za kusogeza na kuzungusha: mbele mita moja, geuka robo duara. Katika toleo la hadithi mhusika aliweza kusema, kuwaza, kumwendea mwenzake, kumtazama au kumpa kisogo, na tukio moja likafuatwa na jingine.

Waliotumia toleo la hadithi walitumia muda mwingi zaidi kuandika programu, kwa asilimia 42. Asilimia 51 yao waliiba muda wa ziada ili waendelee na kazi yao, wakati kwa wenzao wa toleo la kawaida waliofanya hivyo walikuwa asilimia 16. Katika kuzielewa kanuni za msingi za programu, makundi yote mawili yalilingana. Kwa hiyo hadithi haikuwapunguzia elimu hata kidogo, na iliwaongezea hamu. Mtoto mwenye hamu ndiye atakayerudi kesho kujifunza lililo gumu zaidi.

Wako wanaosikia habari hizi wakadhani dawa ni kulitia somo lolote pointi, nyota na beji. Tahadhari inahitajika hapa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu endapo wangechora. Siku zilizofuata, zawadi ikiwa haipo tena, watoto hao walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Walichokuwa wakikifanya kwa raha kilikuwa kimegeuka kibarua. Nyota hazitamfanya mtoto aipende programu ambayo yenyewe haina cha kumvuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Thomas Malone, aliyechunguza kwa nini watoto hupenda michezo ya kompyuta, alieleza tofauti itakayomfaa kila mwalimu. Kuna mchezo ambao hadithi yake imebandikwa juu ya somo: jibu hesabu, roketi iruke. Badala ya hesabu ukiweka tahajia, roketi itaruka vilevile. Kuna na mchezo ambao hadithi na ujuzi vimefungamana, kiasi kwamba mhusika hawezi kupiga hatua mpaka mtoto atumie ujuzi unaofundishwa. Kipimo chake ni chepesi. Iondoe hadithi. Somo likibaki lilelile, hadithi ile ilikuwa pambo.

Tuchukue ngano inayojulikana sana kwetu, ya Sungura aliyekataa kushiriki kuchimba kisima, kisha akawa anakuja kuiba maji. Wanyama wanapokezana ulinzi, Sungura anawahadaa mmoja baada ya mwingine, hadi Kobe anapomnasa. Ngano hii inaweza kutengenezwa kwa Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika taasisi ya MIT. Mtoto huburuta vipande vya amri na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti.

Tazama ngano yenyewe inavyodai ujuzi. Sungura anafika, anamsalimu mlinzi, anamlaghai, anachota, anaondoka: huo ni mfuatano wa amri, na ukiupangua hadithi inavurugika. Wizi unajirudia usiku baada ya usiku, na mtoto aliyepachika vipande vilevile mara tatu atauliza mwenyewe kama hakuna njia fupi. Ndipo mwalimu anapomwonyesha kitanzi, yaani amri ya kurudia. Mlinzi akiwa Fisi, Sungura anachota maji. Akiwa Kobe, ananaswa. Hapo limeingia sharti. Maji nayo yanapungua kila usiku, hivyo kompyuta inahitaji mahali pa kukumbuka yamebaki kiasi gani, na mtoto anakutana na kigeu, namba inayobadilika kadiri mambo yanavyokwenda.

Faida kubwa kuliko zote iko kwenye makosa. Fisi akijibu kabla hajaulizwa, darasa zima litacheka, na aliyetengeneza ataliona kosa bila kusubiri kalamu nyekundu ya mwalimu. Anaijua ngano kuliko anavyoijua programu, kwa hiyo ngano inamsahihisha. Atarudi kwenye amri zake na kugundua kwamba wahusika wote wawili waliambiwa waanze kwa pamoja, na kwamba Sungura anapaswa kutuma ujumbe akimaliza kusema ili Fisi naye aanze. Huko kutafuta kasoro hatua kwa hatua ndiyo kazi ya kila siku ya mwandishi wa programu.

Ujuzi mdogomdogo nao unapata nafasi yake. Kuandika mazungumzo ya wahusika ni mazoezi ya kibodi. Hadithi isiyomalizika leo lazima ihifadhiwe kwa jina litakalotambulika wiki ijayo, na mtoto anajifunza faili ni nini kwa sababu ana kitu asichotaka kukipoteza.

Shule yenye kompyuta tano kwa wanafunzi 60 isikate tamaa. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, ni mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo watoto waliitumia kumwamuru kobe wa kwenye skrini achore. Mtoto aliyekwama, Papert alimtaka ajifanye yeye ndiye kobe, atembee njia ile kwa miguu yake. Hilo linawezekana katika uwanja wowote wa shule. Chora miraba kwa chaki, weka kisima pembeni, mmoja awe Kobe, wengine waandike amri kwenye karatasi: mbele hatua tatu, geuka kulia. Kobe atii kilichoandikwa tu, hata kama kinampeleka ukutani. Kundi linalosubiri zamu ya kompyuta litafika likiwa na mpango mkononi.

Mwalimu bado ana kazi. Asipoangalia, kipindi kizima kitaishia kwenye kubadilisha rangi za nguo za wahusika, kwa hiyo atoe agizo mapema: hadithi ya leo lazima iwe na kitanzi kimoja na sharti moja. Wakati wa kupima, amwombe mtoto abadilishe jambo dogo, mathalani walinzi wawe watano. Aliyeelewa atabadilisha namba moja, aliyenakili kwa jirani atahangaika. Na kuna ujuzi, kama wa kuchapa kwa vidole vyote kumi, ambao hauna njia ya mkato. Utapatikana kwa mazoezi tu.

Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Mtaala hutaja mada. Jinsi mtoto atakavyozipenda ni juu ya mwalimu. Ushauri wangu kwa wakuu wa shule ni huu: mwalimu wa kompyuta na mwalimu wa Kiswahili wapange pamoja angalau mradi mmoja kila muhula. Insha na ngano ambazo watoto tayari wanaziandika kwenye madaftari ziingie kwenye kompyuta. Wa Kiswahili apime hadithi, wa kompyuta apime amri, na kazi iwe moja. Hakuna kifaa kipya kinachohitajika kununuliwa ili hilo lianze muhula ujao.