Anthony Nesty: Mtoto wa nchi yenye bwawa moja aliyekuja kuwanoa mabingwa wa Olimpiki

Mzazi, bila shaka umewahi kuisikia kauli hii, pengine hata umeisema mwenyewe: "Watu weusi hatuwezi kuogelea, mifupa yetu mizito."

Si huku kwetu tu. Aprili 1987, Al Campanis, kiongozi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, alisema kwenye televisheni ya Marekani kuwa weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu miili yao haielei. Kauli hiyo ilimgharimu kazi yake.

Jibu la majini lilikuja Septemba 1988. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Seoul, kijana mweusi wa miaka 20 kutoka Suriname, Anthony Nesty, alishinda mita 100 za mtindo wa kipepeo. Akawa mwanamume wa kwanza mweusi duniani kutwaa dhahabu ya kuogelea ya Olimpiki.

Leo Nesty ni kocha, na maisha yake yana mengi ya kumfaa mzazi ambaye mwanawe hata hafikirii medali.

Bwawa moja nchi nzima

Nesty alizaliwa Novemba 1967 huko Trinidad, akahamia Suriname na familia yake akiwa bado mchanga. Suriname iko kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na wakati huo ilikuwa na watu wasiofika nusu milioni. Bwawa la urefu wa mita 50, lile la kiwango cha Olimpiki, lilikuwa moja tu kwa nchi nzima.

Alianza kuogelea akiwa na miaka mitano. Mwaka 1984, akiwa na miaka 16, alikwenda Olimpiki ya Los Angeles na kumaliza nafasi ya 21. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Baada ya hapo alipelekwa Marekani, katika shule ya Bolles iliyopo Jacksonville, jimbo la Florida, chini ya kocha Gregg Troy. Kwa familia yoyote, kumwachia mtoto aende ng'ambo akiwa bado mwanafunzi ni uamuzi mzito. Matunda yalianza kuonekana mwaka 1987, aliposhinda dhahabu ya Michezo ya Amerika kwa mtindo huohuo wa kipepeo.

Chini ya sentimita mbili

Huko Seoul, macho yote yalikuwa kwa Mmarekani Matt Biondi, aliyeondoka kwenye michezo hiyo na medali saba, tano zikiwa za dhahabu. Katika mita 100 za kipepeo, Biondi alikuwa mbele hadi karibu kabisa na ukuta.

Hapo mwishoni Biondi alijikuta katikati ya mipigo miwili ya mikono. Badala ya kupiga mwingine, aliuacha mwili uteleze hadi ukutani. Nesty alipiga mpigo wake wa mwisho na kugusa kwanza.

Saa ilionyesha sekunde 53.00 kwa Nesty na 53.01 kwa Biondi. Kwa kasi waliyokuwa nayo, tofauti hiyo haifiki sentimita mbili, kama upana wa kidole gumba.

Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Suriname. Ukumbi wa michezo wa ndani katika mji mkuu, Paramaribo, ukapewa jina lake. Mwaka 1991 akawa bingwa wa dunia huko Perth, Australia, na mwaka 1992 akapata shaba katika Olimpiki ya Barcelona.

Miaka 20 ya kuwa msaidizi

Sehemu ya pili ya maisha yake husimuliwa mara chache, na ndiyo ningependa mzazi aitazame zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Nesty alijiunga na Chuo Kikuu cha Florida, alikokuwa amesoma na kuogelea, kama kocha msaidizi. Bosi wake alikuwa yuleyule Gregg Troy. Bingwa huyo wa Olimpiki alikaa kwenye usaidizi kwa takriban miaka 20. Kazi ya kocha msaidizi ni kuamka alfajiri, kushika saa na kurekebisha mkono wa mwanafunzi mmoja mmoja, huku sifa zikienda kwa mkuu wake.

Mwaka 2018 ndipo alipopewa ukocha mkuu wa timu ya wanaume ya chuo hicho, na baadaye akakabidhiwa na ya wanawake.

Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, mwanafunzi wake Bobby Finke alishinda mita 800 na 1,500. Mwaka huohuo Katie Ledecky na Caeleb Dressel, ambao tayari walikuwa mabingwa wa Olimpiki, wakahamia kwake.

Mwaka 2024 alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani kwenye Olimpiki ya Paris, mtu mweusi wa kwanza kuongoza timu ya kuogelea ya Olimpiki ya nchi hiyo. Kazi haikuwa nyepesi: kwa wanaume, dhahabu ya mtu mmoja mmoja ilikuwa moja tu. Aliyeileta ni Finke, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 30.67.

Mzazi ajifunze nini?

Kwanza, kuogelea hufundishwa, kama baiskeli. Mtu mweusi asiyejua kuogelea mara nyingi ni mtu ambaye hakupata bwawa, mwalimu wala mzazi wa kumpeleka.

Pili, kwa mtoto wako hili ni suala la uhai kabla ya kuwa la michezo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 hufa maji duniani kila mwaka, zaidi ya asilimia 90 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano.

WHO inashauri watoto kuanzia miaka sita wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Sisi tuna bahari, maziwa na mito, lakini mabwawa mengi yako hotelini na kwenye shule za binafsi. Wazazi wanaweza kuungana, wakachangia mwalimu na kukodi bwawa kwa saa chache za wikendi.

Kwa mtoto mdogo zaidi, kinga ni uzio na macho ya mtu mzima. Funika kisima, pipa na simtanki, na mwaga maji ya ndoo ukimaliza kufua. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, hivyo usitegemee kumsikia.

Akizama, usijitose kama hujafunzwa kuokoa. Piga kelele za kuomba msaada, mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mnyooshee mti mrefu. Akishatolewa na kama hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua huku msaada ukitafutwa. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kwani unapoteza dakika anazohitaji hewa. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu matatizo ya mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.