Kahawa Yetu, Tunaijua Ladha Yake?

Pale Sinza, Dar es Salaam, watu hunywa kahawa kijiweni. Ni nyeusi, chungu, kikombe kidogo na kashata pembeni. Lakini jijini humo ipo pia migahawa ya Waethiopia. Je, wao huandaaje kahawa?

Kwanza huosha buni. Kisha huikaanga mbele ya wageni, harufu ikajaa nyumba nzima. Halafu huitwanga kwenye kinu na kuichemsha katika mtungi mdogo wa udongo uitwao jebena. Mgeni hunywa vikombe vitatu. Cha tatu huitwa baraka. Naam, baraka kama hii yetu!

Chakula chao ni injera, inayofanana na chapati ya maji. Unga wake ni wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi. Huuacha uchachuke siku mbili tatu, ndipo hupika. Hula sinia moja, kwa mkono, kama sisi.

Sasa tujiulize. Waethiopia hunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa yao. Sisi tunalima Kagera, Kilimanjaro, Mbeya na Ruvuma, lakini nyingi tunaiuza nje. Bei ya huko ikishuka, nani anaumia? Si mkulima?

Tukiinywa wenyewe, tunakuwa na soko jingine hapa hapa nyumbani. Basi jamani, tusiuze yote. Tubakize walau kibaba kimoja. Tukoboe, tukaange, tutwange, tumkaribishe jirani. Tuijue ladha ya jasho letu.