"Chembe" na "Punje" Katika Istilahi za Plazima
Irving Langmuir alipoipa gesi yenye elektroni na ioni huru jina la plazima, mwaka 1928, neno hilo lilikuwa tayari limetumika kwa majimaji ya damu. Muktadha huondoa utata huo. Utata wa "chembe" haundoki hivyo. Katika uigaji wa vumbi ndani ya plazima, kompyuta huhesabu, hatua kwa hatua, kila elektroni na ioni inayolifikia vumbi. Elektroni, nyepesi na zenye kasi, hutangulia kulipa chaji hasi. Kisha nyingi hufukuzwa na ioni huvutwa, hadi mikondo miwili ilingane. Zote zikiitwa "chembe", msomaji hatatambua ipi inayogonga na ipi inayogongwa. Yafaa, basi, vumbi liwe na "punje".