Rangi, Ubwoko na Jina la Kijakazi: Kusoma Riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad kwa Ajili ya Mtihani, Niboye, Kigali

Makala haya yanaeleza tatizo la msamiati katika usomaji wa riwaya ya Kiswahili nchini Rwanda. Mfano ni Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi Adam, inayohusu Zanzibar ya mashamba ya karafuu na Mapinduzi ya 1964. Wasomaji ni wanafunzi watano wa sekondari wa Niboye, wilayani Kicukiro, ambao mwandishi alisoma nao jioni walipokuwa wakijiandaa kwa mtihani.

Walipoulizwa dhamira kuu, wote walijibu: ubaguzi. Ubaguzi gani? Walinyamaza, kisha wakahamia Kinyarwanda. Mmoja alisema 'irondaruhu', yaani ubaguzi wa rangi ya ngozi. Mwingine, kwa sauti ya chini, 'irondabwoko'. Neno 'ubwoko' hubeba maana ya aina, ya ukoo na ya kabila kwa pamoja. Abasindi na Abega ni ubwoko, na koo hizo huchanganya Wahutu, Watutsi na Watwa. Hata hivyo ni neno hilo hilo lililowekwa katika vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930, nayo yaliyofuata 1994 yanajulikana. Ukimya ule, basi, haukutokana na kutosoma kitabu.

Tatizo la pili ni jina. Wote watano walidhani Kijakazi ni jina tu, kama Mutoni au Uwase. Hawakujua kwamba kijakazi ni mtumwa wa kike na mwinyi ni bwana mwenye mali. Uhusiano wa wahusika hawa umekwisha kutajwa kabla tukio lolote halijasimuliwa. Asiyelijua hili hawezi kueleza kwa nini uaminifu wa Kijakazi kwa bwana wake unamchoma msomaji. Daftari moja lilimwita "mhusika mwenye maadili mema", jibu ambalo, nahofia, lingepata alama.

Walipoambiwa kwamba kijakazi ni 'umuja', mjadala ulichangamka, na mmoja akapendekeza 'shebuja' kwa Mwinyi. Pendekezo lina mvuto lakini lina mtego. Shebuja hutukumbusha ubuhake, mkataba wa ng'ombe uliofutwa 1954; ubwana wa Fuad ulisimama juu ya ardhi na kumbukumbu ya utumwa, ambao Zanzibar ulipigwa marufuku kisheria 1897. Mwalimu aulinganishe, asiusawazishe.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na watunga mitihani wana nafasi ya kurekebisha jambo hili bila gharama. Badala ya "Jadili dhamira ya ubaguzi", mtahiniwa aulizwe majina Kijakazi na Mwinyi yanasema nini kuhusu nani aliyemiliki nani. Tulilijaribu swali hilo. Watatu waliandika kuhusu ubwoko waziwazi. Wawili walilikwepa neno lenyewe, nasi hatukuwashurutisha.